Mwitikiaji wa Jukwaa la Mashariki

Nilipomwona Verdell Stroud mara ya kwanza, alikuwa amesimama akiupa mgongo mchezo wa mpira wa Kimarekani. Vijana wetu walikuwa wamekaribia kufunga, kofia zao ngumu za buluu zimebanana mstarini, na kila aliyekuwa uwanjani alikuwa amekodoa macho mbele. Yeye aligeukia nyuma, mkono mmoja umeshika chuma cha ngazi, akitazama benchi za alumini zilizopanda safu juu ya safu hadi ukutani. Zilikuwa tupu. Jua la Septemba la Alabama lilikuwa limezipiga tangu asubuhi, nazo ziling'aa kiasi cha kuumiza macho. Alizitazama kama mtu anayesubiri wageni waliochelewa, na chakula chao kimeshapoa mezani.

Nilikuwa nimemaliza masomo mwezi Mei katika Chuo cha Osanee, na ofisi ya michezo ya chuo ilikuwa imeniajiri kwa mwaka mmoja. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuzunguka majukwaani siku za mechi na kuwauliza watu kwa nini hawaji tena kutazama mpira. Ilikuwa kazi ya ajabu kidogo, maana niliowakuta humo ndio waliokuja. Nilipomfikia Bwana Verdell na kumweleza shida yangu, aliniambia niketi. Kisha akanionya nisiketi pale, niweke gazeti kwanza, la sivyo nitaondoka na alama za benchi mapajani.

Katika mji wetu mpira una wito wake. Kabla mchezo haujaanza, na tena kila timu yetu inapofunga, jukwaa la magharibi huuliza kwa sauti moja: Mto wa nani? Jukwaa la mashariki hujibu: Mto wetu. Swali na jibu hurudiwa mara tatu, kila mara kwa nguvu zaidi. Wapinzani wetu wakubwa, Chuo cha Ardell, wako ng'ambo ya mto huohuo, kwa hiyo swali lina uzito wake. Kila upande una kiongozi. Magharibi wanaongozwa na Hollis Tarver, kinyozi, mtu mnene mwenye koni ya bati anayoiweka midomoni kupaza sauti. Mashariki ni Bwana Verdell, naye hana koni. Aliipokea nafasi hiyo kutoka kwa mzee mmoja tarishi aliyehamia Florida kwa binti yake, na mzee huyo alimwambia jambo moja tu: mtu anayeitika hatumii bati, anatumia watu.

Sasa watu hawakuwapo. Siku ile timu yetu ilipofunga, Hollis aliuliza, na sauti ya magharibi ikavuka uwanja, si kubwa sana nayo, lakini ilifika. Bwana Verdell aliinua mikono yote miwili. Waliojibu walikuwa mkewe Nadine, mafundi bomba wawili waliostaafu, familia moja iliyokuja kumtazama mtoto wao akipuliza tarumbeta, na mimi. Jibu letu halikufika hata katikati ya nyasi. Alikaa chini polepole, akishika goti, akanywa maji ya uvuguvugu kutoka kwenye chupa yake.

"Zamani," aliniambia, "nilikuwa nikijibu sijisikii mwenyewe. Sasa najisikia. Ni vibaya sana kujisikia."

Maisha yake mengine yalikuwa ya kawaida, na yeye mwenyewe hakupenda kuyasimulia. Aliendesha lori la gesi kwa miaka mingi, akiwajazia watu wa mashambani matangi yao kabla ya baridi, akajua kila mbwa wa wilaya. Alimwoa Nadine, ambaye alikutana naye kwenye jukwaa hilohilo baada ya kummwagia chai baridi begani. Walimpata binti mmoja, Lanette, aliyeolewa na Royce, fundi wa viyoyozi, kijana mchangamfu asiyeweza kukaa bila kitu cha kurekebisha. Magoti ya Bwana Verdell yalichoka kabla ya mwili uliobaki. Alipostaafu, alichukua tangi kuukuu la gesi, akalikata na kulichomelea akatengeneza tanuri la moshi la kuokea nyama, refu kama jeneza, na kulifunga magurudumu. Kila Jumamosi ya mechi ya nyumbani alilivuta hadi kwenye maegesho ya magari nje ya ukuta wa mashariki. Huko, tangu zamani, watu wetu hufika mapema, wakafungua nyuma za magari yao, wakatandaza viti na meza, wakapika na kula pamoja hadi saa ya kuingia uwanjani.

Mbavu zake za nguruwe zilijulikana. Kuku wake, aliyechovywa kwenye mchuzi mweupe wa siki, alijulikana zaidi. Hakumtoza mtu. Aliwasha moto alfajiri, akaanza kugawa kabla ya adhuhuri, na saa ya kuingia ilipofika alimwachia Royce tanuri, akamwambia asiache moto uzime, ili anayechelewa naye apate. Kisha yeye na Nadine walipanda ngazi wakawahi nafasi yao. Hakutoka tena mpaka filimbi ya mwisho. Hilo alijivunia: katika maisha yake hakuwahi kuiacha mechi katikati, hata zile tulizopigwa mpaka wapulizaji tarumbeta wakaona aibu.

Nami nilizidi kukusanya sababu. Wazee waliniambia ngazi zimekuwa ndefu. Wanafunzi waliniambia simu hazishiki mtandao humo ndani, na wengi wao wakati wa mapumziko walikuwa wameshaondoka. Wote walilalamikia televisheni, inayoamua mechi ichezwe saa tano asubuhi wiki hii na saa mbili usiku wiki ijayo, hata mtu asijue apike nini. Na tena kuna yule mtu wa televisheni mwenye glavu nyekundu, anayeingia uwanjani na kusimama tu, mikono kifuani. Akisimama yeye, hakuna kinachochezwa hadi matangazo ya biashara yaishe. Watazamaji wa nyumbani huenda jikoni. Wa jukwaani huungua.

Mwishoni mwa Septemba mkurugenzi wa michezo alituita, Bwana Verdell na mimi. Alikuwa mtu mpole aliyetoka mji mwingine. Alieleza kwamba kamera za televisheni ziko juu ya jukwaa la magharibi, kwa hiyo kinachoonekana nchi nzima ni jukwaa la mashariki, yaani benchi tupu. Vijana wazuri wanaotafuta chuo cha kuchezea wanaziona. Wafadhili wanaziona. Basi mwakani jukwaa lote litafunikwa turubai la buluu lenye picha ya korongo, ndege wa timu yetu, na matangazo pembeni. Wachache wa mashariki watahamia magharibi, kwenye kivuli.

Bwana Verdell alisikiliza kofia ikiwa magotini. Kisha akauliza ni nani atakayejibu.

Nadhani mkurugenzi hakuwa amelifikiria. Alisema wanaweza kuurekodi mwitikio na kuupiga kwenye spika, tena ungesikika vizuri kuliko sasa. Alisema hivyo kwa nia njema. Bwana Verdell aliigeuza kofia yake, akaitazama ndani. Mkurugenzi mwenyewe akaona haya, akaongeza kwamba mkataba wa turubai haujatiwa saini. Mechi ya mwisho ya nyumbani ni dhidi ya Ardell, mwezi Novemba. Jukwaa la mashariki likijaa angalau nusu siku hiyo, ataliacha mwaka mmoja zaidi.

Kuanzia hapo mzee alizunguka mji mzima. Alikwenda kanisani, kwenye duka la vipuri, kwenye mkahawa wa kifungua kinywa, hadi kinyozini kwa Hollis, ambako alikatwa nywele ambazo hazikuhitaji kukatwa. Alirudi amechoka na amechanganyikiwa, kwa sababu kila aliyemwomba aje alimjibu jambo moja: lakini mimi huja kila Jumamosi, Bwana Verdell. Walimwapia. Wengine walikasirika kuulizwa. Aliniambia haelewi. Hawa si watu waongo, amewajazia gesi miaka yote, lakini yeye hawaoni pale juu.

Ukweli aliupata Oktoba, na aliupata kwa sababu ya goti. Robo ya pili ya mchezo ilikuwa imeanza, maumivu yakazidi, na dawa zake zilikuwa garini. Nadine alitaka kwenda yeye. Mzee akakataa, akasema atarudi sasa hivi. Nilimshika mkono tukashuka. Kwenye lango mwanamke anayekagua tiketi alimtazama kama aliyeona mwamba ukitembea.

Tulipozunguka ukuta, tuliona moshi wa tanuri lake ukipanda vizuri. Chini ya moshi huo palikuwa na watu, wengi kuliko niliowahi kuwaona kwenye jukwaa letu mwaka ule wote. Waumini wenzake walikuwapo. Watu wa duka la vipuri walikuwapo. Walikaa kwenye viti vya kukunja, sahani mapajani, chini ya mahema mawili ya kivuli, na wote walikuwa wameelekea upande mmoja. Nyuma ya gari la Royce ilisimama televisheni kubwa kama mlango, yenye waya unaokwenda kwenye jenereta.

Ndipo timu yetu ikafunga. Kutoka ng'ambo ya ukuta tuliisikia sauti halisi, Hollis na magharibi yake: Mto wa nani? Hakuna aliyetikisika. Picha ya televisheni huchelewa kidogo kuliko mchezo wenyewe. Ilipita pumzi moja, mbili, kisha wachezaji kwenye kioo nao wakafunga, spika ikauliza, na umati mzima ukaruka juu, sahani mikononi, ukajibu kwa sauti ambayo jukwaa la mashariki halijaisikia kwa miaka: Mto wetu. Waliijibu televisheni mara tatu, kila mara kwa nguvu zaidi, kama walivyofundishwa na mzee mwenyewe.

Bwana Verdell alisimama tu, mkono wake umekuwa mzito mkononi mwangu. Royce ndiye aliyemwona kwanza. Alikuja mbio, koleo la nyama bado mkononi, akidhani kuna mgonjwa.

"Tangu lini?" mzee alimuuliza.

"Tangu lini nini, mzee?"

"Hii."

Royce aliwatazama watu, akatazama televisheni. Alianza kusema kwamba ni tangu mwaka juzi hivi, aliileta siku ya mvua, watu wakaipenda. Kisha akajitetea. "Mzee, hapa kuna kivuli. Kuna choo jirani. Kuna mbavu zako. Humo ndani kuna nini?"

"Na moto nani anauchochea?"

"Mimi. Si wewe uliyeniambia usizime?"

Mama mmoja wa kanisani aliinuka akampa mzee kiti na sahani. Alimwambia kwa furaha ya kweli kwamba kuku wa leo amewashinda wa wiki zote. Mzee alipokea sahani. Hakukaa, hakula. Alimeza dawa yake kwa chai baridi ya mtu mwingine, tukarudi ndani.

Jioni ile nilikaribishwa nyumbani kwao. Walikuwa jikoni, magoti yake yamefungwa barafu, na Nadine alikuwa akimenya viazi vitamu. Mzee alisema ameamua: hatapika tena. Ataliuza tanuri. Amekuwa akiwalisha watu wasiingie, akapanda juu kuwalilia kwa nini hawaingii. Alisema hayo bila hasira, kwa sauti ya mtu anayetaka kulala.

Nadine aliendelea kumenya. "Ukiacha kupika hawataingia ndani, Verdell. Watabaki majumbani mwao, wana televisheni huko pia. Angalau sasa wanafika hadi ukutani."

"Ukutani si ndani."

"Mimi nimeolewa na wewe, najua ukaidi. Wewe huwezi kumvuta mtu kwa kumnyima. Lakini nyama inaweza kuchelewa. Nyama ikichelewa, nani atailaumu?"

Mzee alisogeza barafu gotini. Kisha akauliza, mabega ya nguruwe yakiwekwa mchana, badala ya alfajiri, yataiva saa ngapi. Nadine alimwambia ahesabu mwenyewe, yeye ndiye mwokaji.

Hivyo habari ikatoka, na katika mji wetu habari haihitaji tangazo. Siku ya Ardell Bwana Verdell atapika kuliko siku zote, mabega, mbavu na kuku, lakini kifuniko hakitafunguliwa mpaka filimbi ya mwisho. Anayetaka kula ale baada ya mchezo. Hakusema lolote juu ya kuingia ndani. Hakutaja turubai. Nilimshauri aseme, nikataka hata kumwandikia maneno mazuri. Akanijibu kwamba watu walioshiba ahadi hawahitaji nyingine.

Mji ulinung'unika. Kanisani walisema Bwana Verdell anawafungisha wakati si wa mfungo. Dukani walisema uzee umemwingia. Hollis alimngoja aketi kwenye kiti cha kunyolewa, akamfunga shuka shingoni, ndipo akaanza.

"Umewalisha kama paka, ndugu yangu, halafu unashangaa hawatoki jikoni."

"Nyoa, Hollis."

"Nanyoa. Lakini nikuambie, mimi pia nimechoka kumuuliza mtu swali miaka yote hii na yeye ananijibu kwa kikohozi. Ukifunikwa lile turubai, nitakuwa nauliza picha ya ndege." Akapitisha mashine nyuma ya sikio. "Nami koni nitaitundika. Usimwambie mtu."

Royce ndiye aliyekuwa mgumu zaidi. Alimwambia mkewe kwamba mzee anawaadhibu. Aliuliza kosa lake ni nini, yeye aliyesimama juani akichochea moto wa mtu mwingine huku mwenyewe amekaa jukwaani. Lanette aliyaleta maneno hayo kwa baba yake. Bwana Verdell alisema kijana ana haki, na kwamba hakuwahi hata kumuuliza kama anapenda kutazama mpira kutoka ndani. Alimpigia simu. Mazungumzo yalikuwa mafupi, nami niliyasikia upande mmoja tu. Alimwambia Royce kwamba siku ya Ardell hatamwachia tanuri, litafungwa kwa pini na halihitaji mtu. Juu ya televisheni afanye atakavyo, ni yake. Kisha akasema: "Kuna nafasi kati yangu na mama yenu. Ilikuwa ya Lanette. Sijui, labda ni nyembamba kwako." Alisikiliza, akaaga, akakata.

Leo ndiyo Jumamosi yenyewe. Baridi imeshuka kutoka vilimani, mawingu yamekaa chini, na televisheni imeipanga mechi saa tisa. Maegesho yalianza kujaa mapema. Watu walifika na sahani zao za plastiki kwa mazoea, wakazunguka tanuri, wakanusa. Moshi ulikuwa ukitoka, mafuta yakidondoka ndani kwa sauti, na pini ya chuma imepita kwenye kifuniko. Mmoja alileta ndoo ya kuku wa kununua akazomewa hadi akairudisha garini. Mwingine alimbembeleza mzee amkatie kipande cha pembeni tu, cha kuonja, kwa ajili ya mama yake mgonjwa. Mama yake alikuwa amesimama palepale nyuma yake, anacheka.

Bwana Verdell hakubishana na yeyote. Aliwasalimu wote kwa majina, akauliza hali za mbwa wao. Gari la Royce lilifika likaegeshwa mahali pake pa kila siku, na nyuma yake palikuwa na kitu kikubwa bapa kilichofunikwa blanketi. Wawili hao walipeana mikono. Royce alisema hali ya hewa si mbaya. Mzee akakubali. Kisha akamshika Nadine kiwiko, wakaenda langoni, wakapanda ngazi moja moja, wakipumzika kila baada ya safu chache, na nilipowafikia walikuwa wameketi, nafasi katikati yao imewekwa blanketi dogo lililokunjwa.

Sasa imebaki nusu saa. Jukwaa letu lina watu, zaidi ya kawaida, lakini mbali sana na nusu. Ng'ambo, mkurugenzi wa michezo amesimama kwenye dirisha la juu, karibu na kamera. Upande wa kusini wageni wa Ardell wameshaanza kelele zao, na bendi yetu inapasha midomo. Nimepanda hadi safu ya juu kabisa ninakoweza kuona nje ya ukuta. Viti vya kukunja bado vimetandazwa. Jenereta haijawashwa. Royce amesimama nyuma ya gari lake, mkono mmoja juu ya blanketi, na watu wamemzunguka wakimngoja aamue. Anaongea nao, lakini siwezi kusikia.

Nadine ananiuliza kwa ishara kutoka chini. Ninamwonyesha viganja: bado. Bwana Verdell haulizi. Amefungua chupa yake ya maji ya uvuguvugu, amekunywa kidogo, amejifuta mdomo. Upande wa magharibi Hollis ameshashuka hadi kwenye chuma cha mbele na koni yake.

Nje, mama wa kanisani amekunja kiti chake. Amekitia kwapani, na anatazama lango la uwanja.